Masijala ya Kensington

Kensington iko mashariki mwa Johannesburg, juu ya vilima vya mawe vinavyoitazama Bezuidenhout Valley. Mtaa ulianzishwa mwaka 1897, jiji lenyewe likiwa na umri wa miaka 11 tu, na barabara zake kubwa, Roberts na Kitchener, hadi leo zina majina ya majenerali wa Uingereza waliopigana na Makaburu. Nyumba za zamani zimeezekwa mabati, zina varanda zenye sakafu nyekundu inayosuguliwa kwa nta, na vyumbani dari ni za bati lililofinyangwa maua. Mwezi wa kumi mijakaranda inachanua, na lami inageuka rangi ya zambarau mtaa mzima. Mwezi wa sita nyasi zimekauka, mbingu haina wingu hata moja, na baridi inaingia hadi kwenye mifupa, maana pale ni zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari.

Niliishi Kensington, nikiwa masomoni, kuanzia mwaka 2007 hadi Kombe la Dunia la 2010 lilipokwisha. Wareno waliotoka Msumbiji na Madeira walikuwa bado wana maduka yao. Wakati huohuo, Wakongo, Wazimbabwe na Wanigeria walikuwa wamejaa kwenye nyumba zile kubwa ambazo sasa zilipangishwa chumba kimoja kimoja. Ukisubiri teksi ya kwenda mjini pale Roberts Avenue, ulisikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Lubumbashi, na mara mojamoja cha kwetu Kigoma.

Nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja wa Ujiji aliyeolewa na mtu wa Uvira. Ziwa Tanganyika lilikuwa limewaunganisha tangu ujana wao, na nyumba yao ikawa kituo cha watu wa pande zote mbili za ziwa. Aliyefika jijini bila mwenyeji alielekezwa kwa Mama. Aliyetafuta kazi alielekezwa kwa Mama. Na kwa kuwa kila jambo la mgeni katika nchi ile lilianza na karatasi, Mama aliweka chumba cha mbele kompyuta, printa na skana, akaniambia, "Wewe umesoma, kaa hapa jioni uwasaidie watu. Kodi tutaelewana."

Kompyuta yenyewe ilinunuliwa kutoka ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake: kasha la rangi ya maziwa yaliyochacha, skrini nzito yenye kisogo kirefu, Windows XP, kumbukumbu ya megabaiti 512 na diski ya gigabaiti 80. Humo tuliandika wasifu wa kazi, barua za maombi na barua za kuomba nafasi shuleni kwa watoto. Tuliskani vibali, vyeti vya kuzaliwa, stashahada na kadi za kliniki. Watu wengi waliokuja walikuwa na kibali cha mwombaji hifadhi, kile cha kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998: karatasi moja tu, yenye picha na mhuri, inayohuishwa kila baada ya miezi michache. Karatasi hiyo ilikunjwa mara nne, ikakaa mfukoni, ikalowa jasho, ikachanika kwenye mikunjo. Mwenye nayo aliijua thamani yake. Bila hiyo hakuna kazi, hakuna akaunti ya benki, na polisi akikusimamisha barabarani huna la kumwonyesha.

Kazi ilikuwa nyingi, na baada ya muda skrini ikajaa mafaili. Yalikuwepo yaliyoitwa "CV", "CV mpya" na "CV mpya kabisa". Picha za skana zilijipa majina zenyewe, neno moja na namba inayoongezeka. Mtu akirudi baada ya mwezi kuomba nakala, tulifungua moja baada ya jingine hadi sura yake itokee.

Tabu kubwa zaidi ilikuwa majina ya watu wenyewe. Mkongo huwa na majina matatu: la kwanza la ukoo, la pili la nyongeza, na la tatu la ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo aliyesoma zama zile stashahada yake ina majina mawili ya Kiafrika, juu yake pameandikwa Zaire, nchi ambayo tangu mwaka 1997 haiitwi tena hivyo. Mtu huyohuyo, alipofika Afrika Kusini, fomu ilimdai jina la ukoo na jina la kwanza basi. Karani wa dirishani akachagua. Wengine wakaandikwa kwa jina la ubatizo kana kwamba ni la ukoo, wengine jina la pili likatupwa. Matokeo yake, mtu mmoja alikuwa na karatasi tano zenye majina yasiyofanana, na ukiyaweka mafaili yake kwa jina, basi umemtawanya sehemu tano.

Aliyetutoa kwenye tatizo hilo ni Mzee, baba mzazi wa Mama. Alikuwa amekuja kutoka Ujiji kukaa na wajukuu, na maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya serikali. Anayeijua ofisi ya umma Tanzania anaijua masijala: chumba chenye rafu hadi darini, majalada yenye namba mgongoni, na rejista mezani inayosema jalada gani limechukuliwa na nani, lini. Mkurugenzi anaweza kuhamishwa kesho, karani akastaafu keshokutwa, lakini barua iliyoandikwa miaka 20 iliyopita inapatikana, mradi masijala imetunzwa.

Jioni moja Mzee alivuta kiti akakaa nyuma yangu, akatazama skrini kwa muda mrefu.

"Hivi vijipicha vya manjano ni majalada?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Tunaita folda."

"Mbona hayana namba?"

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Kompyuta za mezani zilijengwa juu ya kazi yake hasa. Kampuni ya Xerox ilipotoa mashine yake iliyoitwa Star mwaka 1981, ilichora kwenye skrini karatasi, majalada na droo za kabati ili mfanyakazi wa ofisini ajue pa kuanzia bila kufundishwa lugha ya mitambo. Apple ikafuata na Macintosh mwaka 1984, na Windows 95 ndiyo iliyoeneza folda kwenye mashine za watu wa kawaida. Kijipicha kilihamia kwenye kompyuta, ila nidhamu ya chumba kile haikuhamia nacho. Mashine haikulazimishi kumpa mtu namba, wala haikuulizi rejista iko wapi. Hiyo inabaki kazi ya binadamu.

Mzee akatupangia. Kila mtu apewe namba moja, na namba hiyo isibadilike hata majina yake yaandikwe vipi. Namba ziwe na tarakimu tatu, kuanzia 001. Folda ya mtu ibebe namba hiyo. Kisha tukafungua jedwali la Excel likawa rejista: safu ya kwanza namba, safu zinazofuata majina yote ya mtu huyo kama yanavyosomeka katika kila karatasi yake, na safu ya mwisho simu ya ndugu wa karibu. Ukibonyeza Ctrl na F ukaandika jina lolote kati ya hayo, unaletwa kwenye mstari mmoja, namba ileile. Waliotawanyika sehemu tano wakakusanyika.

Ndani ya folda tukaweka utaratibu wa majina ya mafaili, na hapa palikuwa na mambo ya kujifunza. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza na nyinginezo chache, kwa sababu alama hizo zina kazi nyingine ndani ya mfumo. Kwa hiyo tarehe huwezi kuiandika tulivyozoea, 14/3/2008. Nasi hatukutaka kuiandika hivyo hata kama ingekubalika. Tarehe ikianza na siku, kompyuta inapanga Januari, Juni na Desemba pamoja, maana inasoma kutoka kushoto. Ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila kimoja kwa tarakimu kamili, mpangilio wa herufi unakuwa mpangilio wa wakati. Huo ndio utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 8601. Faili letu likasomeka hivi: 027_2008-03-14_kibali.pdf. Namba ya mtu, siku karatasi ilipotolewa, karatasi yenyewe ni nini. Ukipanga kwa jina, kibali kipya kinakaa chini kabisa na vya nyuma vimefuatana juu yake. Sufuri za mbele tuliziweka kwa sababu XP ilijua kwamba 9 inatangulia 10, lakini programu nyingine nyingi hazikujua.

Kila Jumamosi niliwafundisha watu katika chumba hichohicho, kelele za mechi za raga zikitufikia kutoka Jeppe High School. Wengi walikuwa mara yao ya kwanza kushika kipanya. Nilianza na kuhifadhi, kabla ya kuandika. Mtu afungue programu, asiandike hata neno, ahifadhi ukurasa mtupu kwa jina sahihi mahali sahihi, ndipo aanze. Sababu yake ilikuwa wazi kwa kila aliyeishi Johannesburg mwaka 2008. Januari ile umeme ulipungua nchini hadi migodi mikubwa ya dhahabu ikasimamishwa, na mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha. Word ilijiwekea nakala ya uokozi kila baada ya dakika 10, na dakika 10 za mtu anayetafuta herufi moja moja kwenye kibodi ni ukurasa mzima wa maisha yake. Nikawazoesha kubonyeza Ctrl na S kila mwisho wa sentensi, hadi mkono wa kushoto ukawa unakwenda wenyewe.

Majira ya joto yalileta radi. Kwenye nyanda zile za juu mawingu yanajikusanya mchana, na saa kumi jioni radi inapasua. Watu wengi walijua kuchomoa waya wa umeme na kusahau waya wa simu, ilhali radi hupitia hukohuko ikaunguza modemu. Mama aliposikia ngurumo ya kwanza kutoka jikoni alipaza sauti, "Simu kwanza!" na yeyote aliyekuwa karibu akachomoa.

Programu tulizitumia kwa kazi zake, na hilo nalo nililifundisha kwa msisitizo. Barua ni ya Word, hesabu na rejista ni za Excel, picha ni za IrfanView, programu ndogo ya bure iliyoweza kupunguza ukubwa wa picha za folda nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa PDF tulitegemea OpenOffice. Ilikuwa ya bure, na tangu mwaka 2003 ilikuwa na kitufe cha kutoa PDF moja kwa moja, jambo ambalo Word 2003 haikuliweza. Mwajiri akitumiwa faili la Word kwenye kompyuta yenye toleo jingine, mistari inahama, jedwali linavunjika, na mwombaji anaonekana mzembe. PDF inafika kama ilivyoondoka.

Mzee yeye alipenda OpenOffice kwa sababu nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Niliipata kwa rafiki aliyetoka nyumbani, nikamfungulia. Alisoma menyu moja baada ya nyingine kwa sauti, taratibu, kisha akaanza kuandika barua kwa mdogo wake wa Kigoma bila kuniuliza kitu. Afrika Kusini nayo ilikuwa na watu waliofanya kazi ya namna hiyo: shirika la Translate.org.za lilikuwa likitafsiri programu huria katika lugha 11 rasmi za nchi wakati huo. Nilimwona Mzee, mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, akiimiliki mashine ndani ya jioni moja kwa kuwa imemsemesha kwa lugha yake, na tangu hapo sijawahi kukubali hoja kwamba tafsiri ya programu ni anasa.

Halafu ikaja Mei 2008. Ghasia dhidi ya wageni zilianza Alexandra tarehe 11, zikasambaa hadi mitaa ya mashariki. Watu 62 waliuawa nchini, na makumi ya maelfu walikimbia makazi yao. Karibu nasi, vituo vya polisi vya Jeppe na Cleveland vilijaa familia zilizolala nje kwa baridi, na mabunda ya nguo yaliyookolewa usiku. Nyumba ya Mama haikuguswa, lakini haikupita siku bila mtu kugonga geti.

Miongoni mwao alikuwapo muuguzi mmoja wa Bukavu, mwenye watoto wawili. Chumba chake kilikuwa kimechomwa. Kibali, stashahada ya uuguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote vilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa nailoni chini ya godoro, na vyote viliungua. Siku aliyokuja mimi nilikuwa Pretoria, nimepeleka stashahada za watu SAQA, mamlaka inayotathmini vyeti vya nje. Mama alikuwa kwenye kituo cha polisi akigawa uji. Nyumbani alikuwa binti wa Mama, mwanafunzi wa sekondari.

Yule binti alimkaribisha, akawasha mashine, akafungua rejista. Jina la ukoo halikuleta kitu. Akamwuliza, "Yaya," yaani dada, "kwenye stashahada waliandika vipi?" Akaliandika hilo jina, mstari ukatokea. Akafungua folda, akaipanga kwa jina, akachapa kibali cha mwisho chini kabisa, kisha stashahada, kisha vyeti vya watoto. Nakala ya skana haina nguvu ya karatasi yenye mhuri, hilo tulilijua. Lakini ina namba ya jalada la mwenye kibali, na kwa namba hiyo ofisi inaweza kumtafuta mtu kwenye kumbukumbu zake badala ya kumhesabu kama aliyeingia nchini jana. Niliporudi usiku yule muuguzi alikuwa mezani na watoto wake, wanakula, karatasi zake zimefungwa vizuri kwenye bahasha kando yake.

Nililala nikilitafakari hilo. Kila nilichokuwa nimefundisha hadi siku ile nilikieleza kama njia ya kupata kitu chako haraka. Kumbe thamani yake ni kwamba mtoto wa shule, ambaye hakuyatengeneza mafaili yale, aliyapata katika saa mbaya kuliko zote, na mimi sipo. Mzee alilijua hilo tangu zamani. Ndiyo kazi ya masijala. Faili linapewa jina kwa ajili ya mtu atakayelitafuta wewe ukiwa haupo.

Kuanzia hapo tukaongeza mambo mawili. La kwanza ni nakala za nje. Kila mtu alipewa folda yake kwenye CD, au kwenye flashi kama anayo, na aliyekuwa na barua pepe alijitumia mafaili yake mwenyewe. Flashi nazo zilikuwa na hatari zake. Miaka ile virusi vilizunguka kwenye mikahawa ya intaneti vikificha folda halisi na kuweka mahali pake programu zenye kijipicha cha folda. Mtu anaona majalada yake, anabofya, na kwa kubofya anakisambaza kirusi. Nikawaonyesha jinsi ya kumtambua mdanganyifu: ruhusu Windows ionyeshe viambishi vya mwisho vya majina, nawe utaona "folda" inayomalizika na exe. Folda halisi haina kiambishi hicho. Kisha kwa amri fupi ya attrib tunaondoa ufiche, na vitu vya mtu vinarudi machoni pake. Nyuso zilizokuwa zimekata tamaa dakika moja iliyopita zilikuwa malipo tosha.

La pili ni siri. Karatasi za mkimbizi zinasema alitoka wapi, alimkimbia nani, ndugu zake wako wapi. Rejista yetu ikaingia kwenye akaunti yenye nywila, na watoto waliokuja kucheza michezo wakawa na akaunti yao. Aliyetaka vitu vyake vifutwe vilifutwa mbele ya macho yake, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta.

Kombe la Dunia lilipokuja, honi za vuvuzela zilitufikia kutoka Ellis Park, na mtaa mzima ulitembea kwa miguu kwenda kutazama. Wiki chache baadaye nilimaliza masomo nikaondoka. Sikuhitaji kumwachia binti wa Mama maelezo marefu. Rejista ilikuwa inajieleza.

Leo karatasi zetu ziko kwenye simu. Kitambulisho cha mtu ni picha iliyopokewa WhatsApp, jina lake ni tarehe na namba ambazo programu imejiwekea, imechanganyika na picha za harusi na video za vichekesho. Simu nyingi zina nafasi kubwa kuliko diski yetu yote ya Kensington, na zina kisanduku cha kutafuta, kwa hiyo watu wanaamini utaratibu hauna kazi tena. Mimi naamini kinyume chake. Anayetafuta hati ya shamba ya marehemu baba, au cheti cha mtoto aliye hospitali, hajui neno la kuandika kwenye kisanduku kile. Anahitaji kukuta kwamba mtu alikaa chini, akaifungua folda, akaandika mwaka, mwezi, siku na jina la karatasi, na akamwambia mwingine mahali ilipo. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Ifanyeni nyumbani kwenu wiki hii, na mkifanya, mketisheni mtoto pembeni ili kesho aweze kuiendeleza.